Mwaka Niliokuwa Dereva wa Sherifu

Bosi alikuja stoo na vikombe viwili vya chai, nikajua ana jambo. Kwa miaka yote niliyomfanyia kazi pale Tyseley, mtaa wa viwanda huku kwa Waingereza, kila mtu alijitengenezea chai yake, yeye mwenyewe akiwemo. Karakana ile aliirithi kwa baba yake. Ilitengeneza bawaba: za milango ya nyumba, za malango ya viwanda, za mabehewa ya treni, na wakati mmoja hata za majeneza. Mimi nilikuwa mtunza stoo. Bosi alikaa juu ya kreti, akanipa kikombe kimoja, akaniambia ameombwa awe Sherifu Mkuu wa kaunti.

Nilicheka kabla sijajizuia. Nilikumbuka sinema tulizoonyeshwa utotoni ukutani kwa duka la sokoni, gari la matangazo ya sabuni lilipopita kwetu: mwanamume wa kofia pana, nyota kifuani, bastola kiunoni, farasi nje anamngoja. Bosi alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mfupi, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, na vidole vyenye grisi isiyotoka tena kwa sabuni yoyote. Naye alicheka. Akasema huku Sherifu hana nyota wala bastola. Hana jela, hana askari hata mmoja, na mshahara pia hana. Ana mwaka mmoja, ana mavazi ya ajabu, na ana upanga.

"Na anatakiwa awe kila mahali," akasema, "lakini mimi siwezi kuendesha gari."

Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho na daktari alikuwa amemkataza kushika usukani. Mimi mgongo ulikuwa umeanza kunisumbua, kunyanyua masanduku stoo kukawa shida. Aliniuliza kama ningependa kumwendesha mwaka ule, mshahara wangu ukiwa uleule. Nilimwambia nitafikiri, lakini sikufikiri. Chai haikuwa imeisha nilipomkubalia.

Nyumbani habari ile ilileta mchafuko. Mke wangu, muuguzi aliyezaliwa Mombasa, alidhani nimesema sharifu. Kwao sharifu ni mtu wa ukoo wa Mtume, anayebusiwa mkono, na ingawa sisi ni Wakristo heshima ile alikua nayo mtaani. Aliniuliza Bosi amesilimu lini. Nilipomweleza alicheka hadi akakaa kitako jikoni. Mama yangu, kule Kakamega, hakucheka. Mama alitulea kwa kupika na kuuza busaa, na kwake serikali ilikuwa ni askari wa chifu wanaofika alfajiri, wanapiga teke chungu, wanamwaga pombe kwenye migomba. Nilipompigia simu kumweleza kuwa sasa namwendesha mkubwa wa kaunti, mkubwa wa mambo ya sheria, aliguna. Kisha akasema, "Kwa hiyo wewe ndiye utakuwa dereva wa wale."

Nilimwambia huyu hamwagi pombe ya mtu. Akasema wote huanza hivyo.

Sikumlaumu, maana mwanzoni hata mimi sikuelewa. Bosi alinieleza polepole, tukiwa barabarani. Zamani, alisema, Sherifu ndiye aliyekuwa serikali yenyewe katika kaunti. Alikusanya kodi ya Mfalme, aliwakamata wahalifu, aliwakusanya wananchi wa kuamua kesi, na mtu akihukumiwa kunyongwa, ni Sherifu aliyehakikisha amenyongwa. Karne baada ya karne kazi zikamtoka. Polisi walichukua hii, mahakama ile, magereza nyingine. Zikabaki kazi zisizokuwa na mwenyewe: kuwatembelea majaji wasiokuwa na mtu wa kuzungumza naye, kuwatembelea polisi, wafungwa na walinzi wao, na kuwashukuru watu wanaojitolea bila kutangazwa. Uteuzi wenyewe ulibaki wa kale. Majina huandikwa kwenye ngozi, na Mfalme hatii sahihi, bali hulidunga jina tundu kwa sindano nene, kama shazia ya kushonea majamvi. Bosi alipenda sana habari ya tundu lile. Alisema yeye ni fundi, na tundu ni kitu anachokielewa.

Ofisi hatukuwa nayo. Kaunti ina Sherifu, lakini Sherifu hana jengo. Tulikuwa na meza moja juu ya karakana, dirisha likitazama reli, na treni zilipoingia depo kupumzika ilibidi tunyamaze hadi zipite. Mambo ya kanuni yalikuwa ya wakili mmoja mzee aliyekuwa naibu wake. Yeye alijua nani asimame kulia kwa nani, na kofia ivuliwe wakati gani. Barua za shukrani Bosi aliziandika mwenyewe kwa mkono, na mimi nililamba stempu.

Siku ya kiapo, mwezi wa Aprili, nilimwona kwa mara ya kwanza akiwa amevaa. Koti jeusi la mahameli lenye vifungo vya chuma kilichong'arishwa, lesi nyeupe shingoni kama povu la maziwa, sketi ndefu ya mahameli, viatu vyenye bizimu, kofia yenye unyoya wa mbuni, na upanga ubavuni. Alishuka ngazi za nyumba yake akishikilia ukuta. Nilimfungulia mlango wa nyuma wa gari. Alinitazama kana kwamba nimemtukana, akazunguka, akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akaketi kando yangu. Upanga haukutosha. Tuliulaza juu ya mapaja yake na ncha yake nje ya dirisha, na hivyo ndivyo tulivyoingia mjini, watu kwenye vituo vya basi wakitukodolea macho.

Nikikaa sasa nikakumbuka mwaka ule, hazinijii zile sherehe kubwa, majaji wenye majoho mekundu wakiandamana kanisani na tarumbeta zikilia. Yananijia mambo ya ndani ya gari. Mahameli inanasa kila uzi na kila unywele, kwa hiyo niliweka karatasi yenye gundi kwenye droo ya gari, na kabla hajashuka nilimpapasa nayo mgongoni kama mtu anayempara samaki magamba. Njaa ilipotushika tulipitia mtaa wa Alum Rock, nikashuka kununua sambusa za moto. Yeye alibaki garini na leso ya mke wangu amejifunga shingoni, mavazi yasidondokewe mafuta. Leso ile ilikuwa na maneno ya kumsuta jirani. Alinitaka nimfasirie, na tangu hapo aliyatumia kila wakili wake alipomchosha kwa kanuni.

Hakukubali nimngojee nje. Popote alipoingia, niliingia. Mahakamani yeye aliketi juu, kando ya jaji, na mimi nilikaa kwenye viti vya wananchi. Hakuruhusiwa kusema lolote na hakusema. Baadaye alikunywa chai na jaji faraghani, na niliwahi kumuuliza wanazungumza nini. Alisema wanazungumza kuhusu maua ya bustani. Jaji anasikia mambo mabaya tangu asubuhi, akienda nyumbani hawezi kumsimulia mtu, na wenzake nao wana ya kwao. Mwaka wote ule, alisema, amejifunza majina mengi ya maua kuliko ya sheria.

Siku moja tulikwenda gerezani. Lilikuwa gereza la zamani, la matofali, na mkuu wake alikuwa akitutembeza na kutueleza juu ya karakana ya wafungwa na darasa la kusoma. Kwenye mlango mmoja wa chuma Bosi alibaki nyuma. Nilirudi kumtafuta nikamkuta ameweka kiganja kwenye bawaba, kubwa, nyeusi, imepakwa rangi tabaka juu ya tabaka. Aliifungua na kuifunga polepole mara kadhaa. Haikulia hata kidogo. Kisha akatufuata. Aliongea na wafungwa vizuri, akamuuliza mmoja kuhusu kiti alichokuwa akikichonga, akampa mkono kila mlinzi. Tulipotoka na kufika taa za barabarani ndipo aliposema, "Baba yangu aliitengeneza ile. Nilikuwa mtoto. Nilimshikia taa."

Nilimwambia tu kwamba imetengenezwa vizuri.

"Ndiyo," akasema. "Hilo ndilo linaloniuma."

Jambo ninalotaka kusimulia hasa lilitokea Aston, kwenye ukumbi wa kanisa letu. Sisi Wakenya, wengi wetu wauguzi na watunza wazee, tunasali pale pamoja na familia za Kikongo zilizotoka mashariki ya nchi yao, wengi wao walifika kama wakimbizi. Kiswahili chetu kinakutana lakini hakifanani. Sisi tukisema hivi wao wanasema vile, watoto wetu wote wanaelewa na wote wanajibu kwa Kiingereza. Kila Jumamosi mchana kina mama wa Kikongo walipika chakula, na yeyote aliyeingia alikula: mgeni aliyefika juzi na hajui hata basi la kupanda, mzee wa mtaani anayeishi peke yake, mwanafunzi aliyeishiwa. Aliyesimamia jiko alikuwa mama mmoja wa Bukavu, mpana, mpole, sauti ya chini. Sufuria zake nilizijua kuliko maisha yake. Nilimsimulia Bosi juu yake, na Bosi akasema kwa watu kama huyo ndiko Sherifu anakopaswa kwenda.

Mchungaji alifurahi kupita kiasi. Aliomba Sherifu aje na mavazi yake yote, watu wapige picha. Basi tukaenda hivyo. Ukumbi ulikuwa umejaa, watu wakasimama, mtu akaanzisha wimbo. Bosi aliingia na unyoya wake na upanga wake, akitabasamu kwa aibu. Yule mama alikuwa ametoka jikoni na sinia la sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, mikononi. Alimwona. Aliliweka sinia juu ya meza iliyokuwa karibu, taratibu, akageuka, akarudi jikoni, na tukasikia mlango wa stoo ya jikoni ukifungwa kwa ndani.

Wimbo uliendelea kidogo, kisha ukafa. Mchungaji alitaka kueleza kuwa mama ana haya. Bosi alinitazama mimi. Nikaenda.

Nilisimama nje ya mlango nikamwita mama. Alijibu haraka, akiwa karibu sana na mlango. Hakuwa analia.

"Papa, mwambie aende," alisema. "Miye siyo mubaya. Lakini ule muntu wa koti nyeusi na mupanga, siwezi kumupikia."

Kidogo kidogo akanieleza. Katika barabara ya kutoka kwao kulikuwa na kizuizi cha wapiganaji, na mkubwa wao alivaa koti refu jeusi aliloiba mahali, kwenye joto lote lile, na upanga kiunoni, na alipenda watu wamsifie. Zaidi ya hapo hakusema. Sikumuuliza, na hata hapa siongezi.

Nilirudi nikamnong'oneza Bosi. Uso wake ulibadilika, lakini hakufanya kituko. Alimwambia mchungaji amejisikia joto. Tulitoka hadi kwenye gari, akavua upanga, koti na kofia, tukaviweka kwenye buti. Akarudi ukumbini na blauzi yake. Alikula alichopakuliwa, akasalimia watu meza kwa meza, akaondoka bila hotuba. Mama hakutoka stoo hadi gari letu lilipoondoka.

Njiani aliniuliza sombe inatengenezwaje. Nilidhani anataka kubadilisha mazungumzo. Jumamosi iliyofuata hatukuwa na ratiba, na saa za asubuhi alinipigia simu kuniuliza kama nakwenda kanisani. Nilimpitia. Alikuwa amevaa suruali yake ya karakana na sweta, na chini ya kwapa ana kisanduku cha bisibisi. Aliniomba jambo moja: nisimdanganye yule mama, lakini pia nisimtangulie kumwambia. Akiuliza yeye ni nani, atajibu mwenyewe.

Mama hakuuliza. Kwa nini angeuliza? Ukumbi ule uliingia watu wa kila namna, na siku ile alikuwa ameona koti na upanga, si uso. Bosi alijitambulisha kwa ishara zaidi kuliko maneno, maana mama alikuwa na Kiingereza kidogo na Kifaransa cha Bosi kilikuwa cha shule. Aliona mlango wa kabati la sufuria unaning'inia, akautengeneza. Akaona wa pili, akautengeneza. Kisha akapewa vitunguu amenye. Jumamosi baada ya Jumamosi, kila kazi za Sherifu ziliporuhusu, aliketi kwenye kile kiti kifupi karibu na dirisha akimenya na kuchambua, na mimi nikiwa katikati yao kama mkalimani. Waliomtambua walimwachia aseme mwenyewe; kina mama walimwita Mama Milango. Hakupata kuwa mpishi. Bugali, kama wanavyouita ugali, alipoisonga ilitoka na mabonge, na yule mama alimnyang'anya mwiko bila kusema kitu na kumrudishia vitunguu vyake.

Walizungumza mambo madogo. Mama alieleza jinsi alivyokuwa na meza ya vitenge sokoni Bukavu, jinsi alivyomjua mteja wa kununua na wa kupapasa tu. Bosi alieleza juu ya baba yake na karakana. Siku moja mama alimuuliza kama ana watoto, naye akasema hakujaliwa. Mama akamgusa bega kwa mkono uliojaa unga, alama ikabaki kwenye sweta, na Bosi hakuipangusa siku nzima. Niliiona alama ile wakati nikimrudisha nyumbani.

Majani yalipoanza kupukutika, ikafika zamu ya Bosi kupendekeza watu wa kupewa shukrani. Kila Sherifu hufanya hivyo karibu na mwisho wa mwaka wake: watu wanaitwa mahakamani, jaji anaketi na joho lake, lakini hakuna kesi, hakuna mshtakiwa. Yanasomwa waliyoyafanya na wanapewa cheti. Bosi alitaka yule mama awe wa kwanza. Lakini shukrani ile hutolewa na Sherifu akiwa katika mavazi yake yote. Nilimwona akihangaika na jambo hilo wiki nzima. Wakili alisema kanuni hazimlazimishi kubeba upanga. Bosi alimjibu kwamba shida si upanga, shida ni kwamba rafiki yake hajui yeye ni nani.

Jumamosi ile alikuja ukumbini na koti lake la mahameli kwenye mfuko, na upanga umefungwa kwenye taulo. Chakula kilikuwa kimekwisha, kina mama wengine wameondoka. Alimwomba mama aketi. Akaniomba nitafsiri kila neno, nisipunguze wala nisiongeze. Alisema: yule mtu uliyemkimbia ni mimi. Nilipojua kuwa nimekuogopesha sikujua niombe msamaha vipi, nikaja kutengeneza mlango. Halafu nikapenda kuja, nikaogopa nikikuambia hutaniruhusu tena.

Nilitafsiri. Mama alimtazama Bosi kuanzia viatu hadi nywele.

"Njo weye ule?" akauliza, yaani kama ndiye yeye yule mtu.

Bosi aliitikia kwa kichwa. Mama akanyoosha mkono akalichukua koti. Aliligeuza nje ndani kama mtu wa soko, akakagua mishono, akasugua mahameli kati ya kidole gumba na cha shahada, akapima uzito wake kwa kiganja. Alitazama ndani ya mikono ya koti, mmoja, kisha wa pili, kama anayehakikisha hakuna mtu. Kisha akaonyesha taulo. Bosi aliutoa upanga akauweka mezani na kurudisha kiti chake nyuma. Mama aliupitisha kidole kwenye makali.

"Hii haiwezi kata hata sombe," akasema.

Nilipotafsiri hilo Bosi alicheka, na nilidhani mama atacheka pia. Hakucheka. Alikuwa amekunja uso, anafikiri. Bosi alimweleza juu ya siku ya mahakamani, na kwamba angependa yeye aje, na kwamba siku hiyo yeye Bosi atavaa sweta lake. Mama alilikunja koti vizuri, mkono juu ya mkono, kama linavyokunjwa vazi la kuuzwa, akampa.

"Hapana. Vaa byote," alisema. "Sasa minajua nani iko mule ndani."

Siku ya sherehe nilikwenda kumchukua mama nyumbani kwake, maana Bosi alikuwa ametangulia na wakili. Alitoka amevaa kitenge cha bluu na cha dhahabu, kilemba kirefu. Tulipofika kwenye ngazi za mahakama alisimama, akaniambia mara ya mwisho alipoingia katika nyumba kama hii ilikuwa kesi yake ya kuomba kubaki nchini, na alikuwa ameulizwa maswali kuhusu kizuizi kile hadi akasahau jina la mtoto wake. Nilimwambia kama anataka turudi, turudi. Alipanga kilemba chake kwenye kioo cha mlango, akaingia.

Waliitwa mmoja mmoja. Alipoitwa yeye alisimama akatembea hadi mbele, na Bosi alikuwa pale, mavazi meusi tangu shingoni hadi miguuni, unyoya, lesi, upanga, kila kitu. Niliona mabega ya mama yakipanda. Alifika, akasimama mbali kidogo kuliko wengine. Kisha akasogea, akainua mkono, na mbele ya jaji na watu wote akamtengenezea Sherifu lesi ya shingoni, iliyokuwa imeenda upande. Ndipo akapokea cheti. Jaji alianza kupiga makofi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwaka uliisha kama inavyoisha miaka. Aprili ilifika, Sherifu mwingine akala kiapo, mwanamume mmoja mrefu mwenye dereva wake. Nilirudi stoo kwa muda, lakini karakana ilikuwa imechoka, na Bosi naye. Aliiuza. Leo ukipita kwa treni utaona ukuta wake na lango jipya; wanahifadhi samani za watu waliohama. Bosi alihamia pwani ya Wales kwa dada yake. Jicho la pili lilimharibikia, kwa hiyo barua zake zimekoma, na tunaongea kwa simu Jumapili baada ya ibada. Yule mama bado ni mama wa jiko, ingawa magoti yamemlemea na sasa anatoa amri akiwa ameketi. Alipopata uraia alimpigia Bosi simu kwa Kiingereza alichokuwa amekifanyia mazoezi siku kadhaa, nami sikuhitajika. Mama yangu, kule Kakamega, alifariki. Kabla hajafa nilikuwa nimemtumia picha nikiwa kando ya Sherifu mwenye unyoya, na dada yangu ananiambia aliibandika ukutani na kuwaeleza wageni kuwa yule mwanamke ni mwigizaji.

Mara nyingi nakumbuka siku ya mwisho yenyewe, baada ya kiapo cha yule mwingine. Bosi alikuwa bado na mavazi yake lakini hakuwa tena Sherifu wa mtu. Niliuliza kama nimpeleke nyumbani. Alisema nizunguke tu kidogo. Nilizunguka bila kufikiri, nikaingia Aston wakati mechi ya mpira imekwisha, na barabara nzima ikawa watu. Hatukuweza kwenda mbele wala nyuma. Skafu, watoto mabegani, harufu ya vitunguu vya kukaanga. Walikuwa wameshinda, kwa hiyo walikuwa wanaimba, na walipomwona mwanamke wa unyoya ndani ya gari dogo walianza kugonga paa kwa viganja. Mtu mmoja mwenye kichwa kisicho na nywele aliinama dirishani akamuuliza, kwa adabu kabisa, yeye ni nani.

Bosi aliteremsha kioo. Aligusa unyoya wa kofia yake, akaniangalia na kutabasamu.

"Mimi ni abiria," alisema.

Yule mtu alitosheka. Alimpa mkono, akanipa na mimi, na akatangulia mbele ya gari akiwasogeza wenzake kando, hatua kwa hatua, hadi tukapata njia.